Basilika Ulpia au Basilika ya Maxentius: ukiwa na nusu siku Roma, uende ipi?

Wageni wangu wengi hufika Roma kuhiji. Ratiba yao imejaa tangu nyumbani: Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, la Mtakatifu Yohane wa Laterano, la Bikira Maria Mkuu, la Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Mwishoni inabaki asubuhi moja au alasiri moja, na hapo mmoja wao huniuliza: "Dada, tumeambiwa basilika zilikuwepo kabla ya Ukristo. Tukaone ipi?"

Swali hilo nalipenda kuliko yote wanayoniuliza. Kwa sikio la Mswahili basilika ni kanisa lenye hadhi, kama lile la Familia Takatifu katikati ya Nairobi. Kwa Mrumi wa kale ilikuwa ukumbi wa umma kando ya uwanja wa mji. Hapa hakimu anasikiliza kesi, pale mkopeshaji anahesabu fedha, na pembeni wafanyabiashara wamejikinga mvua huku wakipatana bei. Ya kwanza inayojulikana mjini Roma ilijengwa mwaka 184 KK na Cato Mzee, ikaitwa Porcia kwa jina la ukoo wake. Vitruvius, msanifu aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, alishauri basilika iwekwe upande wa uwanja wenye joto zaidi, ili wafanyabiashara wakutane bila kusumbuliwa na baridi. Alisema pia kwamba upana usipungue theluthi ya urefu wala usizidi nusu yake. Huyo ni mtu anayefikiria soko na mahakama, na ndivyo unavyopaswa kuzitazama basilika hizi kabla hujafikiria kanisa.

Mbili ninazowalinganishia wageni ni Basilika Ulpia ya Kaisari Trajan, iliyozinduliwa pamoja na uwanja wake mwaka 112 BK, na Basilika ya Kaisari Maxentius, iliyoanza kujengwa karibu mwaka 308 na kumaliziwa na Kaisari Konstantino. Kati yao kuna karibu miaka 200, na mwendo mfupi tu wa miguu. Nimezichagua kwa sababu moja: ukumbi wa kati wa kila moja una upana wa takriban mita 25. Upana ni ule ule, lakini mafundi wa zama mbili waliufunika kwa njia mbili zisizofanana kabisa. Ukielewa walivyozifunika hizo mita 25, utajua mwenyewe uende wapi.

Chumba cha boriti na chumba cha Kaisari

Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe anakijua kipimo hiki tangu utotoni, hata kama hajawahi kukitaja. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu au tatu, kwa kuwa dari limebebwa na boriti za mikoko na mkoko hauwezi kuvuka zaidi ya hapo bila kupinda. Mti ndio uliopima chumba. Sasa chukua upana wa chumba hicho, uzidishe mara kumi, usiweke nguzo katikati, kisha uniambie utaezeka kwa nini.

Urefu wa mti ni nusu tu ya tatizo. Kitu chochote kinachoinama juu ya ukumbi, kiwe makombamoyo ya mbao au tao la mawe, husukuma kuta kwenda nje. Simama miguu umeitanua kwenye sakafu yenye utelezi, utalielewa jambo hili kwa magoti yako: kila mguu unataka kukimbilia upande wake. Dawa ni mbili. Ama uifunge miguu kwa kamba isiachane, ama uweke kitu kizito nje ya kila mguu kiuzuie. Mafundi wa Ulpia walifunga kamba. Mafundi wa Maxentius waliweka uzito. Karibu kila tofauti utakayoiona kati ya majengo haya mawili imezaliwa hapo.

Ulpia: kazi ya kenchi

Aliyesanifu uwanja wa Trajan na basilika yake ni Apollodorus, mtu wa Dameski. Wakati wa vita vya Dacia, nchi ambayo leo ni Romania, alimjengea Kaisari daraja la kuvuka mto Danube lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, nguzo zake za mawe na matao yake ya mbao. Picha ya daraja hilo imechongwa kwenye Nguzo ya Trajan, hatua chache kutoka mahali basilika iliposimama. Huwa nawaomba wageni walikumbuke. Mtu aliyevuka Danube kwa mbao hakuwa na sababu ya kuogopa mita 25 za ukumbi.

Paa lake lilikuwa la kenchi, na kanuni yake ni ile ile ya kenchi ya nyumba ya bati. Makombamoyo mawili yanakutana juu, miguu yao inataka kutanuka, na boriti ndefu ya chini inaikamata isikimbie. Hiyo boriti ya chini ndiyo kamba. Ikishaikamata miguu, ukuta haupokei tena msukumo wa pembeni. Unapokea uzito wa kwenda chini tu. Na ukuta unaopokea uzito wa kwenda chini tu unaweza kutobolewa madirisha, unaweza kuinuliwa juu ya nguzo, na nguzo zenyewe zinaweza kuwa nyembamba. Kwa hiyo Ulpia ilikuwa msitu wa nguzo: ukumbi mpana katikati, na kila upande njia mbili zilizogawanywa kwa safu za nguzo, jumla njia tano. Kwenye kila ncha kulikuwa na shubaka kubwa la nusu duara. Ukihesabu na mashubaka hayo, jengo lilikuwa na urefu wa karibu mita 170 na upana wa karibu mita 60.

Ugumu wote ulikuwa kwenye boriti ya chini. Plinius Mzee anasimulia juu ya boriti moja iliyobaki wakati wa kuezeka Diribitorium, jumba la kuhesabia kura: urefu futi 100 za Kirumi, yaani karibu mita 30, na unene futi moja na nusu. Watu waliihifadhi kama kitu cha ajabu. Paa la jumba hilo liliungua mwaka 80 BK, na mwanahistoria Cassius Dio anasema kwamba hata katika zama zake, zaidi ya miaka 100 baadaye, lilikuwa bado wazi kwa sababu hakuna aliyeweza kuliezeka tena. Mbao kubwa kiasi hicho hazipatikani kwa amri ya Kaisari. Msitu unazo au hauna.

Chini ya kenchi hizo kulikuwa na utajiri ambao sijui kama umewahi kurudiwa. Fedha zilikuwa ngawira za Dacia. Granaiti ya kijivu ilitoka Mons Claudianus, machimbo yaliyo katikati ya jangwa la mashariki mwa Misri, ikaburutwa zaidi ya kilomita 100 nchi kavu mpaka Nile kabla haijapanda merikebu. Marumaru ya manjano ilitoka Chemtou, Tunisia ya leo. Yenye mishipa ya zambarau ilitoka Frigia, katika Uturuki ya leo. Paa lilifunikwa kwa shaba, na Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya 2, alilitaja paa hilo la shaba kati ya mambo yanayostahili kutazamwa. Mwaka 357 Kaisari Constantius II alifika Roma kwa mara ya kwanza, akapita kila mahali mpaka alipoingia uwanja wa Trajan, akasimama ameduwaa. Ammianus Marcellinus ameandika kwamba Kaisari alikata tamaa ya kujenga kitu cha namna ile, akasema angeweza angalau kuiga farasi wa sanamu ya Trajan. Mwana wa mfalme wa Uajemi aliyekuwa naye, Hormisdas, akamwambia ajenge kwanza zizi la kumtosha farasi huyo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Ulpia ambalo siwezi kulipita. Kwenye ramani ya Roma iliyochongwa katika marumaru mwanzoni mwa karne ya 3, shubaka moja la basilika hii limeandikwa LIBERTATIS, neno la Kilatini linalohusu uhuru. Kazi ya kuwaandikisha watumwa walioachwa huru ilikuwa imehamishiwa humo. Fikiria mtu anaingia chini ya shaba ile na marumaru ile akiwa mali ya mwenzake, anatoka akiwa na jina lake mwenyewe.

Maxentius: kazi ya zege

Jina la aliyesanifu jengo la pili halikuhifadhiwa. Alichofanya kilikuwa ujasiri. Aliachana na msitu wa nguzo kabisa, akauchukua ukumbi mkuu wa mabafu ya kifalme, kama ya Caracalla na ya Diocletian, akauondoa kwenye maji, akaufanya basilika.

Jengo lina urefu wa karibu mita 100 na upana wa karibu 65. Ukumbi wa kati, wa mita 80 kwa 25, ulifunikwa kwa mapaa matatu ya matao yaliyokatana, mfano wa mapipa mawili yaliyopasuliwa kwa urefu yakapitishana msalaba. Sehemu ya juu kabisa ilikuwa mita 35 kutoka sakafuni. Uzuri wa matao yanayokatana ni kwamba hayalemei ukuta wote. Yanateremsha mzigo kwenye pembe nne tu. Kati ya pembe na pembe ukuta hauna kazi, kwa hiyo unaweza kufungua dirisha kubwa la nusu duara na kuingiza mwanga kutoka juu sana.

Lakini kwenye pembe hizo msukumo ni wa kutisha, na humu hakuna kamba. Hapo ndipo penye akili. Kila upande wa ukumbi msanifu aliweka vyumba vitatu vikubwa vilivyofunikwa kwa tao refu kama pipa, na kuta zinazovigawa aliziweka mahali hasa msukumo unaposhukia. Vyumba vya pembeni havikuwekwa kwa ajili ya nafasi tu. Ni uzito ulioegemezwa nje ya miguu. Mgeni anatembea ndani ya nguzo za kuegemea bila kujua.

Zege lenyewe linastahili maneno machache, kwa kuwa watu hudhani ni lile la mchanganyiko wa mashine. Halina nondo hata moja. Ni chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkano, pozolana, jamii ile ile inayochimbwa leo Rungwe mkoani Mbeya kwa ajili ya saruji. Kwa mchanga wa kuchimbwa Vitruvius anatoa kipimo cha sehemu tatu kwa moja ya chokaa. Chokaa ya kawaida hukauka taratibu kwa hewa. Iliyotiwa pozolana hukomaa hata mahali pasipofikiwa na hewa, hata chini ya maji, na hiyo ndiyo iliyowawezesha Warumi kujenga vitu vinene bila kuogopa kwamba katikati pangebaki tope. Zege hilo halikumwagwa. Mafundi walipanga kwa mkono vipande vya mawe na matofali yaliyovunjika, tabaka juu ya tabaka, ndani ya kuta za tofali za kuchoma zilizobaki kama ngozi ya nje. Walipofika juu kwenye matao walibadilisha mawe wakatumia mepesi ya volkano, wakachimba na mashimo ya mapambo ya pembe nane kwenye dari. Mashimo yale ni mazuri, na pia yanapunguza uzito.

Ambaye amewahi kuingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani amekwisha kusimama chini ya kuba na matao ya namna hii, ya matumbawe na chokaa, yasiyo na chuma ndani. Kipimo ni kidogo zaidi na zama ni nyingine, lakini fundi alikabiliwa na msukumo ule ule.

Na nguzo? Maxentius alikuwa nazo nane, za marumaru kutoka kisiwa cha Proconnesus, kila moja ikiwa jiwe moja la zaidi ya mita 14. Zilisimama chini ya pembe za matao kana kwamba zimeyabeba. Hazikuyabeba. Leo hakuna hata moja pale, na bado mianzo ya matao inaning'inia juu ukutani bila kitu chini yake. Ukiondoa nguzo za Ulpia, jengo lote linashuka. Ukiondoa za Maxentius, kinachopotea ni pambo.

Mahali penyewe pana historia inayotugusa. Kabla ya basilika, hapo palikuwa na maghala ya viungo ya Kaisari Domitian, yaliyoitwa kwa jina la pilipili. Pilipili manga ilitoka India kwa pepo za msimu, ikapitia Bahari ya Shamu na Misri. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unaoeleza biashara hiyo unaeleza pia pwani yetu, unaiita Azania, na kuitaja bandari ya Rhapta. Bahari tunayoijua sisi ilikuwa na ghala chini ya sakafu hii.

Gharama, muda na hatari

Ukiniuliza ipi ni kazi kubwa zaidi, nitakuuliza kubwa kwa nani. Ulpia ilimchosha mchonga mawe, nahodha wa merikebu na mwenye kutafuta miti. Kila nguzo ilihitaji fundi stadi, na vifaa vilitoka mabara matatu. Maxentius ilihitaji mikono mingi ya kawaida: wa kuchoma tofali, wa kubeba udongo, wa kupanga mawe. Karibu kila kitu isipokuwa marumaru kilipatikana Roma na mashambani mwake. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu Maxentius alitawala miaka sita tu, 306 hadi 312, na alikuwa na haraka ya kuonekana.

Usidhani zege liliwaokoa na mbao, hata hivyo. Tao bichi halijishiki. Lilihitaji kiunzi cha mbao cha kulibeba mpaka likomae, na kiunzi hicho nacho kilipaswa kuvuka mita 25. Tofauti ni kwamba kiunzi ni cha muda: ukimaliza paa moja unakibomoa na kukisogeza kwenye la pili. Kenchi inabaki juu milele, na milele ndipo moto unapoijia.

Moto ndio adui wa basilika za mbao. Basilika Julia, iliyoanzishwa na Julius Caesar, iliungua kabla haijazeeka, Kaisari Augusto akaijenga upya, ikaungua tena mwaka 283. Basilika Aemilia iliyo mkabala nayo iliteketea Wagothi wa Alaric walipoiteka Roma mwaka 410. Kwenye sakafu yake ya marumaru bado kuna madoa ya kijani: ni sarafu za shaba zilizoyeyuka siku hiyo zikagandana na jiwe. Nimewahi kumwona mgeni akichutama mbele ya madoa hayo dakika nzima bila kusema neno.

Zege halichomeki, lakini halipendi kutikiswa. Matetemeko ya zama za kati yaliangusha ukumbi wa kati wa Maxentius na upande wote wa kusini. Vyumba vitatu vya kaskazini vilibaki, na vipo.

Utaona nini leo

Hapa mashindano hayako sawa, na sitajifanya kwamba yako sawa.

Kwa Ulpia unaona sehemu ya kati tu. Mashubaka ya ncha zote mbili yamefunikwa na mji wa leo. Kuna safu za vigogo vya nguzo za granaiti zilizosimamishwa upya kwenye majani, vipande vya sakafu, na miaka ya karibuni wataalamu wamesimamisha upya nguzo chache za ghorofa mbili, moja juu ya nyingine, ili mtu apate kimo cha jengo kwa macho. Hatua hiyo imesaidia sana. Kabla yake nilikuwa nainua mkono na kusema "mpaka kule", na nilijua hawaoni nilichokuwa nakiona. Habari njema ni kwamba unaweza kuitazama barabarani bila kulipa chochote, na Nguzo ya Trajan ipo nyuma yake. Ukiwa na saa ya ziada, ingia makumbusho ya Masoko ya Trajan pale pale juu. Vipande vya mapambo ya uwanja vimewekwa karibu na macho.

Kwa Maxentius unahitaji tiketi, ile inayochanganya Colosseum, Foro Romano (uwanja mkuu wa mji wa kale) na kilima cha Palatino. Ukiingia unasimama chini ya matao yenyewe, urefu wa zaidi ya mita 20 juu ya kichwa chako, mashimo ya pembe nane yakionekana moja moja. Hakuna kueleza kwingi. Watu huinua vichwa na kunyamaza, halafu mtu hujaribu sauti yake. Katika Olimpiki ya 1960 mashindano ya mieleka yalifanyika humu.

Ukuta wa basilika unaotazama barabara una ramani nne za marumaru zilizobandikwa zama za Mussolini, mwaka 1934, kuonyesha kukua kwa dola la Kirumi. Ramani ya tano iliongezwa mwaka 1936 baada ya Italia kuivamia Ethiopia. Iliondolewa baada ya vita. Kwenye Olimpiki ile ile ya 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alimaliza marathoni peku na kushinda kwenye Tao la Konstantino, umbali mfupi kutoka ukuta huo. Vijana wanaotoka nyumbani huwaambii jambo hili mara mbili. Wenyewe wanataka kutembea kutoka ukutani mpaka kwenye tao.

Basi uende ipi

Ukiwa na saa mbili tu na hutarudi tena Roma, nenda Maxentius. Nasema bila kusita. Jengo ni paa, na kule paa lipo. Fundi wa ujenzi, mwanafunzi wa uhandisi, mtoto wa miaka kumi, mzee asiyependa maelezo marefu: wote nawapeleka huko.

Ikiwa swali lako ni "kanisa letu lilipata wapi umbo hili?", nenda Ulpia, hata kama magofu yake ni machache. Konstantino alipoanza kujenga makanisa makubwa ya kwanza hakuiga zege alilokuwa amelimalizia mwenyewe. Alirudi kwenye nguzo na kenchi: ukumbi mrefu, njia za pembeni, madirisha juu, shubaka la nusu duara mwishoni. Parokia yako iliyo na safu mbili za nguzo na altare mbele ni mjukuu wa nyumba hii ya mahakama. Nadhani sababu moja ilikuwa wepesi: nguzo za zamani zilikuwepo tele na kenchi inaezekwa haraka. Na nadhani sababu nyingine ilikuwa mwendo, kwa kuwa safu za nguzo zinamvuta anayeingia asonge mbele, na maandamano ya ibada yanahitaji njia.

Siri ninayowapa mahujaji ni kuoanisha kila gofu na ndugu yake aliye hai. Baada ya Ulpia, kwenye ratiba yako tayari kuna Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Kanisa lile liliungua mwaka 1823 na kujengwa upya kwa umbo la zamani, njia tano na nguzo 80 za granaiti. Simama mlangoni, tazama mpaka altare, na Ulpia itajengeka mbele yako. Baada ya Maxentius, nenda Santa Maria degli Angeli karibu na kituo kikuu cha treni. Ni ukumbi wa mabafu ya Diocletian ambao Michelangelo aliugeuza kanisa katika miaka ya 1560. Matao yanayokatana bado yako juu, na nguzo nane za granaiti nyekundu bado zimesimama mahali Warumi walipoziweka. Maxentius ilikuwa hivyo kabla ya matetemeko.

Kama unachopenda zaidi ni watu kuliko majengo, ziache zote mbili kwa muda na ukae karibu na ngazi za Basilika Julia. Paa halipo, nguzo karibu zote hazipo. Lakini kwenye marumaru watu walikwaruza vibao vya michezo, duara na mistari na vishimo, wakacheza huku ndani mawakili wanabishana. Anayejua wazee wa bao barazani hatahitaji mwongozo.

Na kama huji Roma kabisa? Wenzetu wanaoishi Ujerumani wanayo Trier, ukumbi wa kifalme wa zama za Konstantino, mita 67 kwa 27 na kimo cha mita 33, tofali tupu bila nguzo hata moja ndani. Mabomu yaliuunguza mwaka 1944, ukajengwa tena, na leo ni kanisa la Kiprotestanti. Barani kwetu, Libya ina Leptis Magna, mji alikozaliwa Kaisari Septimius Severus. Basilika aliyoianzisha huko ilimaliziwa na mwanawe Caracalla mwaka 216, yenye mashubaka mawili kama Ulpia na nguzo za granaiti nyekundu ya Misri, na Kaisari Justinian baadaye aliigeuza kanisa.

Mahujaji wengi sasa husimama foleni nje ya Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkuu ili kulifikia kaburi la Papa Fransisko. Mkiwa kwenye foleni hiyo, geukeni mtazame nguzo nyeupe iliyo peke yake uwanjani, yenye sanamu ya Bikira Maria juu yake. Papa Paulo V aliihamishia hapo mwaka 1613 na 1614. Ni ya mwisho kati ya zile nane za Maxentius. Nendeni mpaka chini yake, mweke kiganja kwenye msingi, mwinue macho polepole mpaka juu. Kisha ongezeni zaidi ya mita 20 za hewa. Hapo ndipo dari lilipokuwa.